Safari ya Ndege Huanzia Gairo

Msafiri wa Gairo anayekwenda Muscat, Jeddah au Mumbai hupanda basi kabla ya ndege. Mji huo uko kwenye barabara kuu ya Morogoro na Dodoma, zaidi ya kilomita 300 kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Wengi wanaosafiri wana sababu nzito: matibabu, hija, masomo au kazi. Kinachowatia hofu mara nyingi ni mambo ambayo hawakuelezwa: masikio kuziba, tumbo kujaa, miguu kuvimba, pawabenki kuzuiwa. Kila moja lina sababu yake, na anayeijua hujiandaa mapema akasafiri ametulia.

Kalenda na saa

Anza na chanjo, kwa kuwa mwili hauharakishwi. Baada ya sindano ya homa ya manjano, mwili huhitaji siku kadhaa kujenga kinga, ndiyo maana cheti huanza kutambulika siku 10 baadaye. Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti hicho hudumu maisha yote. Mahujaji nao hutakiwa kuchanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo angalau siku 10 kabla ya kufika Saudi Arabia. Kagua pia pasi ya kusafiria: nchi nyingi hutaka iwe imebakiza miezi 6.

Kisha soma tiketi kwa makini, maana saa zake huhesabiwa kuanzia usiku wa manane. Ikiandikwa 01:30, tarehe 12, ni saa saba na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12. Abiria anapaswa kuwa uwanjani tarehe 11, kama saa nne na nusu usiku, na basi la Gairo alipande asubuhi ya siku hiyo au hata siku moja kabla.

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari. Pawabenki nayo hukaa humo humo. Betri ya lithiamu ikiharibika huweza kujichemsha hadi kuwaka. Ndani ya kabini wahudumu watauona moshi na kuudhibiti. Kwenye shehena hakuna mtu wa kuuona. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Chukua namba ya mAh, igawe kwa 1,000, zidisha kwa 3.7: pawabenki ya 20,000 ina wati-saa 74, hivyo inaruhusiwa.

Miguu, hewa na masikio

Damu ya miguuni hurudi moyoni kwa msaada wa misuli ya shavu la mguu, ambayo huikamua mishipa kila tunapotembea. Ukikaa muda mrefu, damu hutuama na inaweza kuganda. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kukaa safarini saa 4 au zaidi, iwe kwenye ndege, basi, treni au gari, huongeza hatari hiyo karibu mara mbili, ingawa inabaki ndogo: mtu mmoja hivi kati ya 6,000. Kwa hiyo basi linaposimama kituo cha Msamvu mjini Morogoro, shuka utembee. Ndani ya ndege, inua visigino mara kwa mara.

Ndege ikiwa juu, hewa ya kabini hupungua hadi kulingana na ya mahali penye urefu usiozidi mita 2,400 hivi. Kwa kulinganisha, kilele cha mlima Lupanga, juu ya mji wa Morogoro, kina kama mita 2,100. Kwenye urefu wa mita 2,400, oksijeni ni kama robo tatu ya ile ya pwani. Mwenye afya huvumilia bila shida. Mwenye selimundu, upungufu mkubwa wa damu, au ugonjwa wa moyo au mapafu amwone daktari kwanza. Gesi ya tumboni nayo hutanuka kwa karibu theluthi, hivyo maharage na soda viahirishwe. Hewa ya humo pia ni kavu sana, kunywa maji.

Ndege inaposhuka, kanieneo ya hewa ya kabini huongezeka na kuisukuma ngoma ya sikio kwenda ndani. Ukimeza mate, kupiga miayo au kutafuna pipi, mrija unaounganisha sikio na koo hufunguka na maumivu hupungua. Mtoto mchanga anyonyeshwe wakati huo.

Mambo haya yote yanaelezeka nyumbani kwa jioni moja. Familia inayompeleka mzazi India kutibiwa imweleze mapema, pamoja na sababu zake, ili asidhani anaugua upya sikio linapoziba au mguu unapovimba kidogo. Ajue pia lipi si la kawaida: mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikata, hata siku kadhaa baada ya kufika, atafute daktari mara moja.