Jina Moja, Watu Wawili: Ndugu Akikamatwa kwa Kosa la Mwingine Arua na Koboko

Kijana akikamatwa Koboko kwa kosa la mtu mwingine, habari hutufikia sisi kabla hazijamfikia wakili. Simu hulia London, Toronto au Stockholm, na mazungumzo hugeuka upesi kuwa ya fedha: nani atume, kiasi gani, kwa namba ya nani. Makala hii inasema kuna cha kutuma kabla ya fedha. Mtu aliyefananishwa hutolewa kwa ushahidi wa yeye ni nani na siku ya tukio alikuwa wapi. Sehemu kubwa ya ushahidi huo mara nyingi tunao sisi tulio mbali.

Kwa nini West Nile

Arua na Koboko ziko West Nile, mkoa wa Uganda wa mpakani. Koboko iko pale Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana. Wakakwa wanaishi pande zote tatu. Walugbara wako Arua na pia ng'ambo ya mpaka wa Vurra, upande wa Aru. Mtu anaweza kuzaliwa upande mmoja, akasoma upande wa pili na kuoa upande wa tatu, bila kuona kama amehama. Vita vya Sudan Kusini vya mwaka 2016 vilileta mamia ya maelfu ya wakimbizi katika makambi ya Bidi Bidi, Rhino Camp na Imvepi. Wengi wao wanasema lugha zilezile za wenyeji na wanaitwa majina yaleyale.

Na majina ndiyo chanzo cha kwanza cha balaa. Kwetu hakuna jina la ukoo linalorithiwa kama Ulaya. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja huwa na majina tofauti kabisa, na watu wasio na undugu wowote wakawa na majina mawili yaleyale. Arua akina Candia na Drani ni wengi. Koboko akina Juma, Rajab na Ramadhan hawahesabiki. Askari aliyepewa majina mawili kwenye karatasi, bila tarehe ya kuzaliwa, jina la baba, kijiji wala alama za vidole, anaweza kumkamata mtu yeyote kwa karatasi hiyo.

Mkoa mzima ulipofananishwa

West Nile haikujifunza jambo hili juzi. Baada ya Idi Amin kuangushwa Aprili 1979, kutoka huku kwenyewe kulikuwa kosa. Amin alihesabiwa mtu wa Koboko, na jeshi lake lilikuwa na askari wengi wa huku. Kwa hiyo mkulima, mwalimu na mwanafunzi wote walitazamwa kama askari waliovua sare. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin waliposhambulia kutoka Sudan na Zaire, jeshi jipya la UNLA liliwalipizia raia. Tarehe 24 Juni 1981 makumi ya raia waliuawa katika misheni ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, walikokuwa wamekimbilia usalama. Mamia ya maelfu walivuka mipaka, na safari za familia nyingi zinazosoma jarida hili zilianzia hapo.

Kosa lililofanyika wakati ule kwa mkoa mzima ndilo linalofanyika leo kwa mtu mmoja kituoni. Jina, kabila au sura huchukuliwa kama ushahidi, na anayekamatwa huachiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba yeye siye.

Agosti 2018, wakati wa uchaguzi mdogo wa mbunge wa Manispaa ya Arua, tuliona sura nyingine ya jambo hilo. Tarehe 13 Yasin Kawuuma, dereva wa Robert Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya gari, na Kyagulanyi amesema tangu siku hiyo kwamba aliyelengwa ni yeye. Makumi ya watu walikamatwa katika msako, na 33 wakapelekwa Gulu kushtakiwa uhaini. Kassiano Wadri, mmoja wao, alishinda kiti tarehe 15 akiwa kizuizini. Dhamana ilipatikana tarehe 27. Kwa mama wa Arua aliyekuwa akimtafuta mwanawe katika wiki hizo mbili, kazi ilikuwa kujua kwanza yuko kituo gani, katika mji gani, na anashikiliwa kwa jina gani.

Somo la Palermo

Kesi inayotufaa zaidi sisi wa ughaibuni ni ya Mweritrea aitwaye Medhanie Tesfamariam Berhe. Alikamatwa Khartoum Mei 2016 na Juni akapelekwa Italia. Wachunguzi wa Italia na Uingereza walitangaza kwamba wamemnasa Medhanie Yehdego Mered, msafirishaji haramu wa watu aliyepewa lakabu ya Jenerali. Majina ya kwanza yalikuwa sawa, na nchi ya asili ilikuwa moja. Waeritrea nao, kama sisi, hufuatisha jina la mtu na majina ya baba na babu, bila jina la ukoo.

Picha zake zilipoonyeshwa kwenye televisheni, Waeritrea walioko Ulaya walisema siku hiyohiyo: huyu siye. Hata hivyo Berhe alikaa jela zaidi ya miaka 3. Kelele za jamaa peke yake hazikutosha. Mama yake alisafiri hadi Palermo kutoa sampuli ya vinasaba, nayo ikaonyesha kuwa ni mwanawe. Mke wa Mered, aliyekuwa akiishi Sweden, alieleza kuwa mfungwa si mumewe, na vinasaba vya mtoto wa Mered havikulingana na vya mfungwa. Mwaka 2018 waandishi wa habari wa Uingereza na Sweden waliripoti kwamba Mered mwenyewe yuko huru, tena Kampala. Tarehe 12 Julai 2019 mahakama ya Palermo ilikubali kwamba aliyekamatwa si Mered. Berhe alitiwa hatiani kwa kosa jingine dogo la kusaidia uhamiaji haramu, akaachiwa siku hiyohiyo.

Uganda nayo ina mfano wake. Edward Mpagi Edmary alikamatwa mwaka 1981 na kuhukumiwa kifo mwaka 1982 kwa kumuua mtu ambaye hakuwa amekufa. Hata baada ya wakubwa kuelezwa kwamba "marehemu" yu hai, Mpagi aliendelea kukaa gereza la Luzira hadi mwaka 2000. Binamu yake aliyehukumiwa pamoja naye alifia gerezani.

Sheria inasemaje

Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 23, inampa aliyekamatwa haki ambazo familia inapaswa kuzijua kwa moyo. Aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa. Awekwe mahali panapotambuliwa na sheria. Ndugu zake wajulishwe akiomba, na wao, wakili wake na daktari wake waruhusiwe kumwona. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Akifichwa au kushikiliwa bila kufikishwa mahakamani, wakili anaweza kuomba amri ya habeas corpus, ambayo Katiba inasema haiwezi kusimamishwa kwa hali yoyote.

Ugumu uko kwenye makosa mazito. Mtu aliyefananishwa na jambazi wa kutumia silaha hawezi kupewa dhamana na hakimu wa Koboko. Ni Mahakama Kuu pekee, ambayo ina kituo chake Arua. Kesi yake isipopelekwa Mahakama Kuu, dhamana huwa haki yake baada ya siku 180. Kabla ya marekebisho ya mwaka 2005 zilikuwa siku 360. Karibu nusu ya watu walio katika magereza ya Uganda ni mahabusu wanaosubiri kesi, na ndani ya kundi hilo aliyefananishwa hupotea kirahisi.

Kuhusu ushahidi wa macho, mahakama za Afrika Mashariki zimekuwa na tahadhari kwa muda mrefu. Tangu kesi ya Abdulla bin Wendo ya mwaka 1953, majaji wanaonywa wasimtie mtu hatiani kwa shahidi mmoja aliyemwona katika mazingira magumu bila kuupima ushahidi huo kwa makini sana. Katika kesi ya Roria ya mwaka 1967, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilirejea maneno ya Lord Gardiner wa Uingereza, kwamba kama wasio na hatia wanafungwa, basi katika kesi tisa kati ya kumi chanzo ni utambuzi. Kesi ya Abdalla Nabulere ya Uganda iliweka maswali ambayo kila wakili huuliza hadi leo: shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, kwa mwanga gani, na je, alimfahamu kabla?

Kama shahidi hakumfahamu mtuhumiwa, polisi huandaa gwaride la utambulisho. Kanuni, zilizotokana na kesi ya Kenya ya mwaka 1936, zinataka mtuhumiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na hali ya maisha. Shahidi akionyeshwa mtu mmoja aliyefungwa pingu na kuulizwa "ni huyu?", hilo si gwaride, na wakili alipinge.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: mtuhumiwa akisema "siku hiyo sikuwapo", si kazi yake kulithibitisha hilo. Ni kazi ya upande wa mashtaka kulivunja. Lakini alitaje mapema, kituoni penyewe, ili polisi wasije wakasema limetungwa baadaye.

Cha kutuma kabla ya fedha

Kwanza, pata kumbukumbu za kituo. Ndugu aliyeko Arua au Koboko aombe namba ya SD, yaani ya daftari la kituo, na namba ya CRB, yaani ya faili la kesi, pamoja na jina la mpelelezi na kosa lenyewe. Bila namba hizo wakili huanza kwa kubahatisha.

Pili, kusanya utambulisho kamili: namba ya kitambulisho cha taifa yenye herufi na tarakimu 14, pasipoti, cheti cha kuzaliwa au cha ubatizo, ripoti za shule, na picha zenye tarehe. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aandike barua inayotaja kijiji, majina ya wazazi na muda mtu aliokaa hapo. Kisha wakili aombe kwa maandishi alama za vidole za mtuhumiwa zilinganishwe na za anayetafutwa, kama zipo. Jina hufanana, alama za vidole hazifanani.

Tatu, thibitisha mahali. Tiketi ya basi, mhuri wa mpaka wa Oraba au Vurra, kadi ya hospitali, daftari la mahudhurio kazini na taarifa ya miamala ya fedha za simu vinaweza kuonyesha mtu alikuwa wapi saa ya tukio. Hapa ndipo sisi tunapohusika. Risiti ya fedha ulizomtumia, ujumbe wa sauti, au simu ya video mliyopigiana usiku ule vina saa na tarehe. Usivifute wala usivikate. Vitume kama vilivyo.

Nne, apa. Kwa kuwa hatuna jina moja la ukoo, ofisa anaweza kukataa kwamba wewe ni ndugu yake. Hati ya kiapo uliyoapa ubalozini au mbele ya notari, inayoeleza undugu na unachokijua, inaweza kumaliza ubishi huo.

Fedha zije baadaye, kwa wakili na kwa nauli za mashahidi. Bondi ya polisi ni bure, na anayeilipisha anavunja sheria. Tena hongo haimsafishi mtu. Humtoa leo, lakini faili hubaki na jina lake, na kizuizi cha barabarani kinachofuata humrudisha ndani. Wakili adai barua ya ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) au ya polisi inayosema kwamba kesi imefutwa na kwamba huyu siye anayetafutwa, na mwenyewe atembee na nakala yake.

Baada ya kutoka

Ibara ya 23(7) inampa aliyekamatwa kinyume cha sheria haki ya fidia, na Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019 inamfanya ofisa wa serikali awajibike yeye binafsi. Malalamiko hupelekwa Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda, yenye ofisi Arua, au Mahakama Kuu; mwenendo wa askari hulalamikiwa kwa PSU, kitengo cha polisi cha nidhamu na viwango vya kazi. Anayetaka kuishtaki serikali kwa madhara asichelewe, maana muda wa kufungua shauri ni miaka 2. Tuzo za Tume mara nyingi huchukua miaka kulipwa, lakini uamuzi wa maandishi unaosema mtu alionewa una thamani hata kabla ya malipo.

Uingereza yenyewe ilihitaji aibu ya Adolf Beck, aliyefungwa mwaka 1896 na kutiwa hatiani tena mwaka 1904 kwa utapeli wa mtu mwingine, kabla haijaunda mahakama ya rufani ya jinai mwaka 1907. Kumbukumbu za gereza zilikuwa na maelezo ya mwili wa mhalifu wa kweli yasiyolingana na ya Beck. Ushahidi ulikuwapo; hakukuwa na mtu aliyeusukuma hadi mezani.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa jumuiya zetu jambo moja kabla ya mkutano ujao: kila familia itunze nyumbani nakala za vitambulisho vya ndugu zake walioko Arua, Koboko, Yumbe na makambini, na kila jumuiya iwe na namba ya wakili mmoja aliyeko Arua. Saa 48 huanza kuhesabiwa tangu mtu anapokamatwa, hazisubiri sisi tuamke.