Mazoezi ya Viungo na Ukuaji wa Mtoto wa Shule ya Msingi

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hurefuka kwa wastani wa sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka na kuongezeka kilo 2 hadi 3, na kwa kuwa ukuaji huo huenda taratibu kuliko ule wa uchanga au wa balehe, kipindi hicho humpa nafasi nzuri ya kujifunza kuumudu mwili wake. Jimnastiki, yaani mazoezi ya viungo kama vile kubiringika, kuruka, kuning'inia na kusimama kwa mikono, hujenga nguvu za misuli, wepesi wa maungio na uwezo wa kujisawazisha, ambao hutegemea macho, sikio la ndani na ubongo kufanya kazi pamoja.

Mazoezi hayo hayana budi kufuata hali ya mifupa. Karibu na ncha za mifupa mirefu ya mtoto mna tabaka la gegedu, ambalo ni laini kuliko mfupa na ndipo mfupa unaporefukia. Kwa kuwa tabaka hilo ni dhaifu kuliko kano zinazoshika maungio, mwanguko ambao ungemtegua tu mtu mzima huweza kumvunja mtoto mahali hapo.

Mchakamchaka wa asubuhi, uliozoeleka katika shule za Tanzania, huimarisha moyo na mapafu, lakini haumfundishi mtoto namna ya kuanguka bila kuumia. Kubiringika mbele humfundisha. Mwanafunzi huchuchumaa, huweka viganja chini kwa upana wa mabega, hubana kidevu kifuani, kisha huinua makalio na kujiviringisha, ili uzito upokelewe na mabega na mgongo wa juu, si kichwa wala shingo. Uwanja wa nyasi au shimo la mchanga la kurukia hutosha, mradi mawe na vigae viondolewe kwanza.

Wasichana huanza kurefuka kwa kasi ya balehe takriban miaka miwili kabla ya wavulana, hivyo katika madarasa ya juu ni busara kuwapanga wanafunzi kwa uwezo badala ya umri.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa watoto wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Kwa sababu hiyo, kipindi cha michezo kilichomo katika ratiba kifundishwe kweli, wala kisigeuzwe kuwa cha marudio ya hisabati mtihani unapokaribia.