Mafuta Yanayobaki Mwambani: Kufafanua Safaktanti na Chembe-nano kwa Kiswahili

Serikali ya Uganda iliwahi kukadiria kuwa mafuta ghafi yaliyogunduliwa katika bonde la Ziwa Albert ni mapipa bilioni 6.5, na kwamba yanayoweza kutolewa ni takribani bilioni 1.4. Takwimu hizi hutajwa pamoja mara kwa mara, lakini tofauti iliyopo baina yake hufafanuliwa kwa nadra. Makala haya yanaifafanua, kisha yanaeleza njia mbili zinazochunguzwa duniani ili kuipunguza.

Kikwazo cha kwanza ni neno “kisima”. Msikilizaji hudhani kuwa chini kuna dimbwi linalosubiri kuchotwa. Dimbwi hilo halipo. Mafuta yamo ndani ya mwamba, katika vitundu vidogo mno, mfano wa maji yaliyomo katika sifongo. Kisima kikifunguliwa, mgandamizo wa asili husukuma sehemu tu ya mafuta. Baadaye maji hudungwa ili yasukume mengine. Maji nayo hufuata njia nyepesi, yakaacha nyuma matone yaliyobanwa. Kinachoyabana ni mvutano wa mpakani, yaani nguvu inayofanya mafuta na maji yakatae kuungana. Tone haliwezi kupenya mlango mwembamba wa kitundu kinachofuata bila kubadili umbo, na mvutano huo hulizuia kubadilika.

Safaktanti ni jamii ya sabuni. Molekuli yake ina ncha mbili, moja hupenda maji na nyingine hupenda mafuta. Kwa hiyo hujipanga mpakani na kuulegeza mvutano. Aliyewahi kuosha sufuria ya pilau ameliona jambo hili. Tofauti ni ya kiwango: ili matone yaachiliwe, mvutano hupaswa kushushwa mara maelfu, kazi ambayo sabuni ya jikoni haiiwezi.

Chembe-nano, ambazo mara nyingi ni za silika, hutumia njia nyingine. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na chembe hizi hazizidi nanomita 100. Hujipenyeza kama kabari kati ya mafuta na mwamba, na mwamba uliokuwa ukishikamana na mafuta huanza kushikamana na maji. Zikiandamana na safaktanti, huweza pia kupunguza kiasi cha safaktanti kinachonaswa njiani. Faida hiyo si haba, kwa kuwa mfinyanzi uliomo mwambani hunyonya dawa ya gharama kubwa kabla haijayafikia mafuta. Hata hivyo, katika joto na maji ya chumvi, chembe hizo huelekea kugandamana, zikaziba vitundu vilevile zilivyokusudiwa kuvipitia. Kwa sehemu kubwa, ushahidi wake ungali wa maabara.

Safaktanti zina uzoefu mrefu zaidi. Huko Daqing, China, zimedungwa kwa kiwango kikubwa pamoja na alkali na polima. Mafuta yaliongezeka, na matatizo yakaongezeka pia: magamba ya madini yaliganda katika pampu, na mafuta yalitoka yamevurugika na maji mithili ya tui, kuyatenganisha ikawa kazi nyingine.

Mshauri wa sera asichanganye mambo haya na suala la nta. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, na ndiyo sababu bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limebuniwa kupashwa joto. Nta ni tatizo la usafirishaji. Mvutano hutokea mwambani.

Kwa upande wa istilahi, napendekeza “kilegeza mvutano” kitumike sambamba na “safaktanti”. Neno “kemikali” peke yake halitoshi, kwani hujumuisha sumu na sabuni kwa pamoja. Iwapo njia hizi zitapendekezwa siku moja katika bonde hilo, mvuvi wa upande wa Ituri, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya soko, atakuwa na haki ya kuuliza ni kiasi gani cha kilegeza mvutano kitabaki mwambani, ni kiasi gani kitarudi juu pamoja na maji, na maji hayo yatapelekwa wapi.