Taja Miezi Kurudi Nyuma

Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba. Mchezaji aliyegongwa kichwani huambiwa ataje miezi ya mwaka kuanzia wa mwisho hadi wa kwanza, na anayempima hutega sikio aone atakwama wapi. Zoezi hilo limo katika SCAT, karatasi ya vipimo iliyozaliwa kwenye mkutano wa madaktari wa michezo mjini Prague mwaka 2004, na ambayo toleo lake la 6 lilitoka mwaka 2023. Kwa kijana wa Toronto au London ni kazi ya kutoa jasho, maana masikioni mwake majina ya miezi hayana hesabu. Ubongo unalazimika kuyashika yote kisha kuyageuza.

Sasa mpe zoezi hilo kijana wa Bukama, nchini Kongo kando ya mto Lualaba, ambaye tangu akiwa mdogo anasema mwezi wa kumi na mbili, mwezi wa kumi na moja, mwezi wa kumi. Atateremka bila kusita hadi mwezi wa kwanza, hata kama kichwa kinamzunguka. Alichofanya ni kuhesabu tu kutoka kumi na mbili hadi moja. Siku za juma nazo, ambazo watoto wa miaka 8 hadi 12 huambiwa wazitaje kinyumenyume, hazisaidii sana: Jumatatu, Jumanne na Jumatano zimebeba namba zake tumboni.

Kuna mtu ambaye kazi yake ni kuugundua mtego huo kabla kijana hajarudishwa uwanjani. Taaluma yake inaitwa nyurosaikolojia, na kwa maneno mepesi yeye ni mwanasaikolojia wa ubongo. Hapasui vichwa, na katika nchi nyingi haandiki dawa. Zana zake ni maswali, picha, vipande vya mbao, penseli na saa ya kuhesabu sekunde. Wachache katika taaluma hiyo wamejikita katika jambo moja: watoto na vijana waliotikiswa ubongo michezoni.

Mtikisiko wa ubongo si lazima uache jeraha la kuonekana. Ubongo ni laini na unaelea katika maji yake ndani ya fuvu. Kichwa kinapogongwa, au hata mwili unapokumbwa kwa kishindo, ubongo husukumwa na kuvutwa, na nyuzi zake hutanuka. Chembe za neva hupoteza mpangilio wa chumvi zake: potasiamu hutoka nje, kalisiamu huingia ndani. Kurudisha mpangilio huo kunakula nguvu nyingi, na wakati huohuo damu inayoleta nguvu imepungua. Ndiyo maana kijana huona ukungu, huumwa kichwa, huchelewa kujibu, hukasirika ovyo au hulala kupita kiasi. Kuzimia si sharti. Kati ya mitikisiko ya michezoni, ile inayomwangusha mtu akapoteza fahamu haifiki mmoja katika kumi.

Skana nayo mara nyingi haioni kitu. Inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, wakati tatizo liko katika namna ubongo unavyofanya kazi. Hapo ndipo Bukama na Boston zinakaribiana kuliko mtu angedhani: penye mashine za kila aina na pasipo na hata moja, bado lazima mtu akae mbele ya mtoto na kumuuliza maswali mazuri.

Maswali mazuri yalipatikana kwa kuchunguza, hayakukisiwa. Mwaka 1995 mwanasaikolojia David Maddocks na wenzake wa Melbourne walichapisha uchunguzi wao juu ya wachezaji wa kandanda ya Kiaustralia. Kumuuliza aliyegongwa jina lake au tarehe yake ya kuzaliwa kulikuwa kupoteza muda, kwani alijibu vizuri tu. Yaliyomnasa ni mambo ya karibuni: tuko uwanja gani, ni kipindi cha ngapi, nani alifunga mara ya mwisho, mechi iliyopita mlicheza na nani, mlishinda? Ulimwengu mzima uliona jambo hilo kwa macho katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2014, pale Mjerumani Christoph Kramer, baada ya kugongwa, alipomwendea mwamuzi Nicola Rizzoli kumuuliza kama ile ilikuwa kweli fainali.

Hatua nyingine ilikuwa imekwisha kupigwa Virginia, Marekani, katika miaka ya 1980. Mwanasaikolojia Jeffrey Barth aliwapima wachezaji zaidi ya 2,000 wa vyuo vikuu kabla ya msimu kuanza, wakiwa wazima, kisha akawapima tena wale waliogongwa. Hekima yake ni kwamba kila mchezaji analinganishwa na yeye mwenyewe wa jana. Mwepesi wa asili anaweza kuumia na bado akawashinda wenzake. Mzito wa asili anaweza kuwa mzima kabisa.

Ila kupima mara mbili kuna hila yake, na Kongo iliifundisha dunia hilo mapema. Katika miaka ya 1950 André Ombredane, profesa wa Brussels na bingwa wa afazia, yaani kupoteza usemi kwa jeraha la ubongo, alipeleka mtihani wa michoro kwa Waasalampasu wa Kasai, akaurudia kwa watu walewale. Alama zilipanda kila aliporudia. Mara ya kwanza hakuwa amepima akili zao. Walikuwa bado wanajifunza mtihani ni mnyama gani. Matokeo hayo ya mwaka 1956 yangepaswa kubandikwa ukutani kwa kila anayepima vijana wa michezo. Aliyegongwa jana na leo akapata alama zilezile za mwanzo wa msimu huenda hajapona, kwa sababu mzima angekuwa amepanda.

Nani basi anafanya kazi hii karibu na kwetu? Walioijenga Afrika Mashariki na Kongo waliianza kwa maradhi, si kwa mpira. Mjini Kampala, Paul Bangirana wa Chuo Kikuu cha Makerere na Mmarekani Michael Boivin walikuwa miongoni mwa waliowafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria ya ubongo katika hospitali ya Mulago. Miaka miwili baadaye, asilimia 26.3 walikuwa na upungufu wa kiakili, dhidi ya asilimia 7.6 ya watoto wa jirani zao. Huko Kahemba, kusini-magharibi ya Kongo, Boivin na daktari Mkongo Désiré Tshala-Katumbay waliwapima watoto wenye konzo, ugonjwa wa kupooza miguu unaoletwa na muhogo usiolowekwa vya kutosha. Hata wenzao wa kijiji hichohicho waliokuwa wakitembea vizuri walikuwa nyuma ya watoto wa kijiji kisicho na ugonjwa huo. Na huko Kilifi, pwani ya Kenya, Amina Abubakar, Penny Holding na wenzao walitengeneza kipimo chao cha ukuaji wa watoto wadogo badala ya kuazima cha Ulaya kikiwa kizimakizima.

Kwa kocha wa Bukama habari hizi si za pembeni. Vijana wake wengi wamekulia kwenye malaria na wanakula muhogo. Anayewapima kwa alama za watoto wa Pittsburgh atawaita wagonjwa walio wazima, na wengine atawapa ruhusa ya kucheza kumbe wangali wagonjwa. Lugha nayo ina mambo yake. Kijana huyo anaongea Kiluba nyumbani na Kiswahili njiani, na Kifaransa kinamngoja darasani. Namba atazirudisha nyuma vizuri zaidi katika lugha ipi? Anayempima lazima alijue jibu kabla hajatoa saa yake mfukoni.

Njia ya kufika kwenye kazi hii ni ndefu. Marekani inadai shahada ya uzamivu, mwaka wa mazoezi, kisha miaka miwili zaidi ya kubobea. Bangirana alipata uzamivu wake kwa ushirika wa Makerere na Karolinska ya Sweden. Kijana wa Haut-Lomami, mkoa wa Bukama, angepanda treni hadi Lubumbashi, kwenye kitivo cha saikolojia cha chuo kikuu, ajizoeze katika kituo cha maradhi ya neva na akili cha Dr Joseph Guislain mjini humohumo au katika CNPP, kituo kama hicho cha Kinshasa, kisha atafute ubobezi nje.

Kikwazo chake kikubwa kingekuwa sifa tunazompa anayevumilia. Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali aliegemea kamba mjini Kinshasa, akameza ngumi za George Foreman raundi baada ya raundi, akamwangusha katika ya 8. Mwaka 1984 madaktari walimkuta na maradhi ya Parkinson. Kama ngumi ndizo zilizoileta, wataalamu wamebishana hadi leo. Lakini uwanja mzima ulijifunza kumpenda mtu anayepigwa na kusimama. Mtoto aliyeanguka naye anamwagiwa maji, anaulizwa kama yuko sawa, anajibu, “Niko bien, kocha,” na filimbi inalia.

Rowan Stringer wa Ottawa alikuwa na miaka 17 na alikuwa nahodha wa timu ya raga ya shule. Mei 2013 aligongwa zaidi ya mara moja ndani ya wiki moja, akaendelea kucheza, akafa. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona linaweza kuufanya uvimbe ghafla. Hutokea mara chache, na wahanga wengi ni vijana. Jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake mwaka 2018: anayeshukiwa tu hutolewa uwanjani, na harudi hadi daktari amruhusu.

Mengine yanafuata polepole. Siku moja au mbili za kupumzika bila kufungiwa gizani, kisha kutembea, kisha darasa, kisha mazoezi mepesi, kila hatua ikipewa saa 24 au zaidi. Kugongana na wenzake kunakuja mwisho, kwa ruhusa ya daktari, na kwa vijana safari hiyo inaweza kula wiki nne. Anayetapika mara kwa mara, anayeshikwa na degedege, anayelegea mkono au asiyeamshika hana hatua za kungoja, anakimbizwa hospitali.

Kisha linabaki lile swali la miezi. Badala yake Bukama ina reli, iliyofika hapo mwaka 1918, na majina ya vituo hayana namba ndani yake: Lubumbashi, Likasi, Tenke, Lubudi, Luena, Bukama, Kamina. Ni saba, sawasawa na siku za juma. Kuanzia Kamina kushuka hadi Lubumbashi, kijana angelazimika kuyashika na kuyageuza kama mwenzake wa Toronto. Mwaka wa kwanza wa mtaalamu wa Bukama ungeishia katika kuwasikiliza mamia ya watoto wazima wakivitaja, mmoja mmoja, kwa saa mkononi. Na yule mtoto wa mvuvi wa ziwa Kisale, ambaye anaujua mtumbwi kuliko treni, angetafutiwa orodha nyingine.