Mtoto haongei na mko ughaibuni? Usizime Kiswahili

Umepata kazi ya uuguzi Uingereza, ukabeba familia. Miezi inapita, na mwanao wa miaka mitatu bado anaonyesha kikombe kwa kidole badala ya kuomba maji. Jirani anakushauri, "Wacheni Kiswahili, mnamchanganya."

Usikubali haraka. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kuongea. Mwenye tatizo la usemi atatatizika katika lugha zote mbili. Anayejifunza tu Kiingereza atanyamaza chekechea, halafu jioni ampigie shosho stori kwenye simu hadi chaji iishe. Tofauti hiyo ndiyo mtaalamu anaitafuta, na ukizima Kiswahili nyumbani utakuwa umemfichia. Isitoshe, Kiingereza chako ni cha kazini. Utambembeleza mtoto usiku kwa lugha gani?

Maeneo mengi ya England, unaweza kumwandikisha mwanao moja kwa moja kwa tiba ya usemi ya NHS. Ikishindikana, mwone daktari wa familia, wanayemwita GP. Omba masikio yapimwe pia. Foleni ni ndefu, wengine hungoja miezi kadhaa, kwa hivyo jiandikishe sasa hata kama mama mkwe anasisitiza kwamba "ataongea tu".

Mkiitwa, sema mnaongea lugha gani nyumbani na uitishe mkalimani, hulipii. Na kwa kuwa watoto wengi hunyamaza mbele ya wageni, beba video fupi kwenye simu: akicheza, akiitisha chakula, akigombana na dadake kwa Kiswahili.