Kwa Nini Kompyuta Nyingi Huja na Windows

Kompyuta mpya dukani, iwe Dell, HP au Lenovo, aghalabu huwa na Windows ndani. Wengi huamini mfumo huo ulishinda kwa ubora. Kwa kweli ulibebwa na mkataba.

Mwaka 1980, IBM ya Marekani ilikuwa na haraka ya kuingia katika soko la kompyuta ndogo. Badala ya kutengeneza kila kitu yenyewe, ilichukua chipu ya 8088 kutoka Intel na mfumo endeshi kutoka Microsoft. Microsoft nayo haikuwa na mfumo huo. Iliununua kwa Seattle Computer Products, ambako ulikuwa umeandikwa na Tim Paterson. IBM ikauuza kwa jina la PC-DOS, lakini mkataba uliiachia Microsoft haki ya kuwauzia wengine kwa jina la MS-DOS.

IBM PC ilitoka Agosti 1981. PC-DOS iliuzwa dola 40. Mshindani wake, CP/M-86, alichelewa, na alipofika bei yake ilikuwa dola 240. Wanunuzi hawakuumiza kichwa.

Kilichobaki mikononi mwa IBM ni BIOS, programu fupi iliyohifadhiwa kwenye chipu, inayoiamsha mashine na kuwasiliana na kibodi, skrini na diski. Kuinakili kulikuwa kuvunja hakimiliki. Kampuni ya Compaq ya Texas, iliyotaka kuunda mashine inayolingana na IBM PC, ikapata njia: kundi moja la wahandisi liliisoma BIOS na kuandika kazi zake tu, kisha kundi jingine, ambalo halikuwahi kuiona, likaandika mpya kwa kufuata maelezo hayo. Wengine wakafuata mkondo huo, na kila aliyeunda mashine ya aina hiyo alibisha hodi Microsoft kutafuta MS-DOS.

Waandishi wa programu wakaenda kwenye wateja wengi, na wateja wakafuata programu. Windows, iliyotoka mwaka 1985 ikitumia MS-DOS kama msingi, ikarithi soko hilo. Isitoshe, kwa baadhi ya mikataba, mtengenezaji aliilipa Microsoft kwa kila kompyuta aliyouza, hata isiyo na mfumo wake. Kuweka mfumo mwingine kukawa kulipa mara mbili. Serikali ya Marekani iliukomesha utaratibu huo katika makubaliano ya mwaka 1994.

Basi msomaji, ukinunua kompyuta, jua kwamba mashine ni kitu kimoja na mfumo endeshi ni kingine. Nyingi ya mashine hizo zinaweza kuendeshwa na Linux, na hiyo hupatikana bure.