Kigawo na Kigawe: Kazi ya Irabu Moja katika Utatuzi wa Matatizo ya Vipimo

1. Utangulizi

Mnamo Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi huo unaongeza haja ya kufafanua istilahi za taaluma ambazo tayari zimekita katika vitabu vya hisabati vya Tanzania. Makala haya yanachunguza jozi moja, kigawo na kigawe, kwa kutumia tatizo la fundi wa vigae.

2. Umbo na Maana

Istilahi zote mbili zinatokana na mzizi -gaw-. Kiambishi tamati -o, kama katika kifuniko na kizibo, huunda nomino ya kitu cha kutendea. -E, kama katika kiumbe na mtume, huunda nomino ya mtendwa. Hivyo kigawo ni namba inayogawa nyingine bila baki, na kigawe ni ile inayogawika: 5 ni kigawo cha 30, na 30 ni kigawe cha 5. Kwa hiyo Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) hakiwezi kuzidi namba ndogo kati ya zinazohusika, ilhali Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) hakiwezi kuwa chini ya ile kubwa.

3. Matumizi

Chukulia chumba cha sentimita 420 kwa 330, kinachotakiwa kuwekwa vigae vya mraba vilivyo vikubwa iwezekanavyo, bila kukata hata kimoja na bila kuhesabu nafasi za saruji. Upande wa kigae sharti ugawe vipimo vyote viwili. Kinachotafutwa ni KKS. Katika kitabu cha saba cha Elements, takriban mwaka 300 KK, Euclid alieleza njia ambayo leo huandikwa hivi:

420 = 1 × 330 + 90
330 = 3 × 90 + 60
90 = 1 × 60 + 30
60 = 2 × 30 + 0

Baki la mwisho lisilo sifuri, 30, ndilo KKS. Vigae ni 14 kwa 11, yaani 154. Sababu ni kwamba kinachopima 420 na 330 kikamilifu hupima pia tofauti yao, 90; ndiyo maana kazi hiyo yaweza kufanywa hata kwa kamba mbili, bila namba.

Mwanafunzi anayechanganya irabu na kutafuta KDS hupata 4,620: kigae chenye upande wa zaidi ya mita 46 katika chumba cha mita 4.2. Hesabu yake ni sahihi. Kilichompotosha ni neno.

4. Hitimisho

Mzungumzaji wa Luganda anacho kitenzi okugabanya, ndugu wa kugawanya. Mzizi si mgeni kwake. Kinachobaki kufundishwa ni kazi ya irabu. Inapendekezwa, basi, kwamba mofolojia itangulie kanuni: mwalimu aanze na kizibo na kiumbe, ndipo aingie katika KKS na KDS.